Mstari wa Nane

Sehemu ya kumi na moja

Kidole cha Wiliam kilikuwa bado juu ya kitufe.

Najua, najua. Wiki nzima mmenisema kwa kuwaacha na kidole cha fundi kinaelea hewani. Lakini na nyie mna haraka! Agnetha alisubiri siku tisa, na hakuna aliyempa hata gazeti la kupozea roho.

Alikuwa amesimama mbele ya kaunta ya kibanda cha fundi huyo pale Nyahanga, Kahama mjini. Mbele yake kompyuta ya mumewe, Edson, ilikuwa imewaka buluu tupu, na katikati ya buluu hiyo kulikuwa na maneno ya Kiingereza ambayo Agnetha sasa aliyajua kwa moyo. Weka tarakimu arobaini na nane.

Siku tisa zilikuwa zimepita tangu Edson avae kofia yake ngumu, abebe kifaa chake cha kupimia, aende machimbo ya Masumbwe na asirudi. Edson ni mpimaji. Kazi yake ni kushuka chini na kuchora njia za ardhini, ili duara la huyu, yaani shimo lake la kuchimbia, lisije likatoboa duara la yule na wachimbaji wakatoana roho kwa mitobozano. Maduara pale yanapita mia tatu. Aliingia lipi? Jibu lilikuwa kwenye michoro yake, michoro ilikuwa ndani ya kompyuta, na kompyuta ilikuwa imefunga mdomo.

“Mama Nelly, niamini,” Wiliam alisema. “Hakijawahi kuja hapa kitu kilichofungwa kikarudi kimefungwa. Nikibonyeza hapa, dakika arobaini tu.”

“Bonyeza.”

Kidole kikashuka. Kabla hakijafika, mkono wa mtu ulikidaka.

“Ukibonyeza hapo, umemzika mume wa mtu.”

Agnetha aliitambua sauti ile kabla hajageuka. Ilikuwa ya Inspekta Justa, wa makosa ya mtandao. Jumanne iliyopita, kituoni, sauti hiyo ilimrudishia kompyuta na maneno mawili tu: “Mama, imeshindikana.” Leo mwenye sauti alikuwa amevaa kitenge na ndala, na macho yamemvimba.

“We mama vipi? Niachie mkono!” Wiliam alifoka.

“Mwambie kwanza. Ukishaifungua, ndani kutabaki nini?”

Wiliam alijikuna shingo. “Si napiga windozi mpya. Inawaka safi kabisa.”

“Na vilivyomo?”

“Vilivyomo vinaondoka. Lakini mashine itakuwa imefunguka. Si ndicho alichotaka, ifunguke?”

Agnetha alishika ukingo wa kaunta. Alikuwa amebakiza nusu ya nukta amfute mumewe kwa mkono wa kukodi, tena angesema na ahsante. Kwa vile Wiliam hakuwa na kosa la kumtosha, hasira yote alimgeuzia Justa.

“Afande, si wewe uliyesema imeshindikana? Umekuja kutazama nini?”

“Nilichosema ni kweli,” Justa alijibu. “Wataalamu wa Dar wamekesha nayo. Tarakimu arobaini na nane ukizikisia moja moja, mimi na wewe na wajukuu zetu tutaisha, yenyewe bado. Mashine ikifungwa hivi haijui polisi, haijui mwizi, haijui mke.”

“Aliyeitengeneza alitaka watu wafe?”

“Alitaka wezi wasiibe. Hakumfikiria Edson.”

“Barua pepe yake je? Mlisema huenda namba ziko huko.”

“Wenye nayo wako ng’ambo. Tumewaandikia. Watajibu baada ya miezi, wakijibu.” Justa alivuta kigoda akakaa bila kukaribishwa. “Nimekuja kwa sababu sijalala. Mtu akifunga diski namna hii, mashine humpa namba za akiba na kumwambia azihifadhi. Sasa nakuuliza wewe uliyeishi naye. Edson alikuwa mtu wa kuhifadhi vitu wapi?”

Agnetha hakufikiria hata kidogo. “Kwenye karatasi. Alikuwa anachapa kila kitu, hata risiti za kwenye simu.”

“Basi kuna karatasi. Mistari minane, kila mstari namba sita.”

Nyuma ya kaunta, Wiliam aliacha kujikuna.

“Mayo!” alisema taratibu. “Mbona hiyo nimeishika kwa mikono yangu.”

Wanawake wote wawili walimgeukia.

“Aliileta shemeji yako, mama. Maduhu. Ijumaa ya kwanza baada ya mzee kupotea. Alitaka nimwingizie kwenye simu, kwenye ile ramani. Alisema ni kodineti.”

Ndugu msomaji wa Tanga au Mbeya, usicheke. Huku kwetu kwenye ukanda wa dhahabu, karatasi ya namba sita sita ikitoka kwenye begi la mpimaji, hakuna anayefikiria kompyuta. Kodineti ndizo namba zinazoonyesha mahali, na mahali anapoonyesha mpimaji kwa siri ni mahali pa mwamba wenye dhahabu. Mtoto wa darasa la tatu angekwambia hivyo hivyo.

“Nilimwambia kaka, hizi hazikai kama kodineti,” Wiliam aliendelea kujitetea. “Nikiweka mbili zinanipeleka Kongo, nyingine zinaniangusha ziwani. Akasema Edson kazivuruga makusudi, mpimaji hawezi kuacha mwamba wazi. Akakaa hapo hapo alipokaa afande, na kalamu, akazipanga na kuzipangua mpaka zikaangukia Samuye, shambani kwa baba yao. Alinikumbatia kwa furaha.”

Agnetha alikumbuka. Siku ya pili, Maduhu alimwaga begi la Edson kitandani, vitu vyote, akasema anatafuta kadi ya bima. Naye, mjinga wa watu, alimchemshia chai yenye tangawizi. Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine unakipikia.

“Afande,” alisema, “gari lako lina mafuta?”

* * *

Saa saba mchana walikuwa Samuye.

Shamba la marehemu baba mkwe lilikuwa limetobolewa katikati ya pamba. Vibarua wawili walikuwa wanavuta ndoo kwa kamba, na kila ndoo iliyopanda ilikuwa na udongo uleule wa kuezekea tembe. Shimoni, chini ya kimo cha mtu, alikuwamo Maduhu, kifua wazi, anachimba huku anaimba wimbo wa kulimia.

“Shemeji!” Aliinua uso wenye vumbi. “Nilijua tu utanusa. Haya, karibu, fungu lako lipo. Hili ni la ukoo lakini sitakudhulumu.”

“Nipe karatasi.”

“Karatasi ipi?”

“Maduhu, ile si kodineti. Zile ni namba za kufungulia kompyuta ya kaka yako.”

Maduhu alicheka. Alicheka kweli kweli, mpaka akaegemea sururu.

“Nani kakudanganya, huyo aliyevaa kitenge? Watu wa mjini hamna haya. Mkiona mtu kakaribia mwamba, mnakuja na hadithi.”

“Kaka yako yuko chini ya ardhi!”

“Kaka yangu yuko Chunya na mwanamke. Enock ameniambia kwa kinywa chake.”

Justa alisogea ukingoni mwa shimo. Enock, kwa mliojiunga nasi leo, ndiye mwenye leseni ya machimbo ambako Edson alionekana mara ya mwisho.

“Enock ameiona hiyo karatasi?” Justa aliuliza.

“Aione vipi asiione, na ndiye mbia wangu? Vibarua hawa analipa yeye. Mchele analeta yeye. Mimi nina mistari saba, yeye ana mmoja. Ndiyo desturi ya wachimbaji, mama. Karatasi ya mwamba inakatwa, kila mbia anashika kipande, ili mwenzake asije akamtoroka.”

“Alichukua mstari wa ngapi?”

“Wa mwisho. Wa nane.”

Justa alifumba macho. Kisha alisema kwa sauti ya upole, na upole huo ulimtisha Agnetha kuliko kelele. “Enock amefanya kazi na Edson miaka sita. Ameiona kompyuta ile ikifungwa na kufunguliwa. Anazijua namba hizi ni za nini. Amekata mstari mmoja, akakupa mchele na vibarua, akakuacha uchimbe huku mbali, na wewe unaimba.”

Kibarua mmoja aliachia kamba, ndoo ikamwagika.

Maduhu alijishika kiunoni. Karatasi ilikuwa pale, imefungwa kwenye nailoni na kushonewa ndani ya mkanda wa suruali. Alihangaika na uzi, mwishowe akaung’ata kwa meno. Alipoinua mkono kumpa Agnetha, machozi yalikuwa yamechora mistari kwenye vumbi la uso wake.

“Nilidhani katuachia urithi,” alisema. “Shemeji, nilidhani... Yuko hai?”

“Siku nane ulikuwa na ufunguo wake kiunoni,” Agnetha alimjibu. “Usiniulize mimi.”

“Nifanye nini? Niambie nifanye nini!”

“Endelea kuchimba. Utahitaji pa kujifichia watu wakikuuliza.”

Nasema ukweli, hakumwonea huruma. Wapo watakaosema alikuwa mkali mno kwa shemeji yake. Waseme. Aliondoka bila kugeuka nyuma, na Maduhu alibaki amekaa chini ya shimo ambalo halikuwa na kitu.

* * *

“Mstari mmoja umepungua,” Agnetha alisema garini. “Tumpigie Enock?”

“Tukimpigia tu, atajua tuna ile saba.” Justa alikuwa anaendesha kwa kasi ambayo yeye mwenyewe angemkamatia mtu. “Sikiliza. Namba zote arobaini na nane hakuna wa kuzikisia. Lakini mstari mmoja unakisiwa. Hizi namba zina kanuni. Kila mstari unagawanyika kwa kumi na moja bila kubaki kitu. Ukiwa na mistari saba, wa nane una makisio elfu sitini na tano na ushei. Mashine inaweza kuyajaribu yote.”

“Kwa muda gani?”

“Tukiwa na bahati, saa chache. Tukikosa bahati, mpaka kesho mchana.”

“Na tungekuwa nao huo wa nane?”

Justa alitazama barabara. “Dakika mbili,” alisema.

Saa kumi na mbili jioni, ofisini kwa Justa, mashine ilianza kujaribu. Usiku ule sitausimulia, maana haukuwa na kitu zaidi ya mwanamke kwenye benchi na namba zinazopita. Alijipa moyo kwa lile ambalo kila mtu wa Kahama hujipa moyo nalo: waliwahi kutoka watu hai chini ya mwamba baada ya siku arobaini na moja, wakila mizizi na mende. Siku tisa ni nini? Alijiuliza hivyo mpaka kukapambazuka.

Saa mbili asubuhi buluu ikapotea.

Justa hakupiga kelele. Alimshika Agnetha bega, akamkalisha kwenye kiti chake, kisha akafungua mchoro wa mwisho. Edson aliuhifadhi alfajiri ya siku ile aliyoondoka.

Ulikuwa ramani ya chini ya ardhi. Njia nyekundu ilitoka duara namba kumi na saba la Enock, ikavuka mpaka wa leseni yake, ikaingia chini ya eneo la jirani kama mwizi wa mchana. Mwisho wa njia hiyo palikuwa na alama ya maporomoko. Nyuma ya maporomoko, chumba kidogo. Na pembeni, maneno ya Edson mwenyewe, kwa herufi kubwa kama alivyozoea kuandika.

Justa alisoma kwa sauti.

“Watu wanne wamefungiwa hapa tangu paporomoke. Enock kasema wametoroka na mawe kwenda Chunya. Si kweli. Juzi nimesikia sauti ukutani nikiwa namba tisa. Ukuta hauvunjiki kwa mkono. Njia ya kuwafikia ni kutoka juu, kwenye kifusi cha marudio nyuma ya karasha la zamani la kusagia mawe, mita sita. Nimemwomba Enock kijiko cha kuchimbia, kasema nimesikia panya. Leo nashuka tena namba tisa nikairekodi hiyo sauti, nione kama atawaita panya mbele ya watu.”

Chini yake palikuwa na majina manne na tarehe. Justa alihesabu kwa vidole. “Siku thelathini na tatu,” alisema.

Agnetha hakuisikia hesabu hiyo. Alisikia neno moja tu. Tisa. Mume wake alikuwa namba tisa.

“Chapa,” alisema. “Chapa hiyo ramani twende.”

* * *

Walifika Masumbwe saa nne. Machimbo yalikuwa matupu. Tangu juzi Enock alikuwa amewaondoa watu wote, akisema kuna gesi, na walinzi wake walikuwa wamezungusha kamba kila mahali. Leo hata walinzi hawakuwepo.

Duara namba tisa halikuwepo pia. Mahali pake palikuwa na rundo la mawe na udongo mbichi, bado una unyevu wa chini. Kando ya rundo, kijiko kikubwa cha manjano kilikuwa kimeegeshwa, na dereva wake, mtu mzima aitwaye Adam, alikuwa anakunywa soda kivulini mwa mtambo.

“Mmefukia lini?” Justa aliuliza huku akionyesha kitambulisho.

“Leo, afande. Saa kumi na mbili asubuhi.”

Agnetha alipiga hesabu, na hesabu ilimchoma. Wangekuwa na ule mstari mmoja, kompyuta ingefunguka jana kabla jua halijazama. Wangefika hapa usiku ule ule, duara likiwa wazi. Enock alikuwa amejinunulia saa kumi na nne kwa ukanda wa karatasi.

“Enock yuko wapi?”

“Bosi kaondoka saa moja. Kasema anaenda Mwanza.”

“Nani kawapa ruhusa ya kufukia eneo ambalo mtu kapotea?”

Adam alionekana kushangaa kweli. “Si familia yenyewe? Barua ninayo.” Akaitoa kwenye dashibodi ya mtambo, imekunjwa mara nne.

Agnetha aliipokea. Ilisema kwamba familia ya mpimaji inaomba maduara yote ya zamani yafukiwe kwa usalama wa watu, kuanzia namba tisa. Chini kulikuwa na saini. Ilikuwa saini yake.

Siku ya tano Enock alikuja nyumbani na mchele na kilo tano za sukari. Alikaa, akalia kidogo, akatoa fomu ya kuomba watafutaji kutoka mkoani. Ndivyo alivyosema, ya kuomba watafutaji. Agnetha aliisaini juu ya goti bila kuisoma, kisha akamshukuru. Sasa alisimama na barua ile mbele ya rundo la mawe na kuona aibu ambayo sijui niiseme vipi. Hakulia. Alitamani mtu ampige.

“Afande, tazama,” Adam aliita. Alikuwa ameokota kipande cha kamba nene chini ya nguzo ya duara. “Hii ni ya kushukia. Mimi nilipofika niliikuta hivi. Haikukatika yenyewe, hii. Imekatwa kwa kisu.”

Justa aliichukua kwa leso. Akapiga simu, akatoa amri, akasikiliza, akakata. “Wenzangu wanakuja,” alisema. “Nimeomba kijiko kingine. Cha karibu kiko Kahama, kitafika jioni.”

Mama mmoja alikuwa amekuja na jagi la maji na vikombe. Alikuwa ni Bhoke, mama lishe wa pale, mtu wa Mara, mwenye banda pekee lililokuwa bado linafuka moshi machimboni.

“Kunywa, mwanangu,” alimwambia Agnetha. “Pole. Nakufahamu, we ni mke wa mpimaji. Alikuwa anakula kwangu, hakuwa na makuu.”

“Shikamoo, mama. Mbona wewe hujaondoka na wenzako?”

“Marahaba. Naondokaje? Mwanangu Chacha alikwenda Chunya mwezi uliopita na wenzake watatu. Hakuaga, kijana gani huyo! Sasa akirudi asinikute, atanitafuta wapi?”

Kikombe kilitulia mdomoni mwa Agnetha. Ramani ilikuwa mkononi mwake, imekunjwa, na jina la pili kati ya yale manne lilikuwa Chacha.

“Mama, tunaanzia wapi?” Adam aliuliza. Alikuwa ameshapanda kwenye kijiko. “Hapa kuna mawe makubwa, mikono haiwezi. Nikienda mbio, itanichukua muda wa saa sita kufika chini.”

Justa alimtazama Agnetha. Macho yake yalikwenda kwenye kile kifusi nyuma ya karasha la zamani, hatua mia moja kutoka pale, kisha yakarudi. Mita sita. Mchanga wa marudio, mabaki ya mawe yaliyokwisha kusagwa, ambao ukiuchota kwa koleo unamiminika upya. Watu wanne. Siku thelathini na tatu. Na kijiko kimoja mpaka jioni.

“Mama Nelly,” Justa alianza.

“Chimba hapa,” Agnetha alimwambia Adam.

“Mama Nelly, ramani inasema...”

“Nimesema hapa!”

Akaikunja ramani mara nyingine, akaisukuma ndani ya blauzi. Sitamhukumu, na wewe usiwe na haraka. Lakini nawaambia kilichomwingia moyoni wakati ule, kwa kuwa yeye mwenyewe alikijua: alimwona Maduhu na nailoni yake kiunoni. Alimwona vizuri kabisa. Na hata hivyo ramani hakuitoa.

Kijiko kilinguruma. Jiwe la kwanza likaondoka, la pili, la tano. Bhoke alikuwa amepiga magoti kando ya Agnetha, amemshika mkono, anamwombea mume wa mwenzake kwa Kikurya kwa sauti ya chini.

Saa moja ilipita. Gari la polisi likafika, askari wanne wakashuka. Justa akawafuata, akaongea nao kwa kelele kuushinda mtambo. Alikuwa askari, na askari hutoa taarifa yote.

“Mmoja yuko hapa! Wengine wanne wako kule, chini ya kifusi, nyuma ya karasha! Andika majina! Wa kwanza Thobias! Wa pili Chacha...”

Bhoke aliacha kuomba, akauachia mkono wa Agnetha.

“Chacha yupi?” aliuliza.

Agnetha alitazama chini.

“Mwanangu, nakuuliza wewe. Chacha yupi? Ulikuwa unajua?”

“Mama Chacha...”

“Nimekuletea maji,” Bhoke alisema. “Nimekuombea. Ulikuwa unajua?”

Agnetha alitoa ramani kwenye blauzi. Ilikuwa imelowa jasho. Bhoke hakuipokea, hakujua kusoma michoro. Alisimama, akafunga khanga yake kiunoni kwa nguvu, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye rundo la mawe, chini ya mkono wa kijiko, akakaa. Adam alipiga kelele, akavuta mkono wa mtambo nyuma, akazima injini.

“Ondoka, mama! Utakufa!”

“Mwanangu naye anakufa,” Bhoke alijibu. “Kijiko kiende kule.”

Askari walianza kumkimbilia. Agnetha naye alikimbia, hajui kama anakwenda kumbembeleza au kumburuta. Alipofika karibu, Bhoke aliinua kiganja kuwazuia wote. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio karibu na mawe.

Kwa mara ya kwanza tangu kijiko kianze kuchimba, machimbo yalikuwa kimya. Na katika kimya kile wote walisikia, kutoka chini sana, chuma kikigonga mwamba. Mara tatu. Kikapumzika. Mara tatu tena.

Justa aliweka mkono mdomoni. Adam alishuka kwenye mtambo na kupiga magoti. Hakuna aliyeweza kusema mlio ule unatoka chini ya mawe haya au chini ya kifusi kule, maana mwamba huisafirisha sauti unavyotaka.

Bhoke aliinua macho yake makavu, akamtazama Agnetha.

“Haya, mke wa mpimaji,” alisema. “Wewe ndiye mwenye ramani. Huyo anayegonga ni wako, au ni wangu?”